Kiti cha Mama na Gundi ya Kaka

Mpaka leo nikipita karibu na karakana ya seremala, hata hizi za siku hizi zenye gundi nyeupe ya chupa isiyonuka, mkono wangu unakwenda puani wenyewe. Watoto wangu wananicheka. Waache wacheke. Hawakuwahi kulala huku kwato za ng'ombe zinachemka nje ya dirisha lao.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa cherehani mjini Voi. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa kiume pekee wa mama yetu, alikuwa seremala. Tulipanga ploti moja nyuma ya soko, chumba changu upande huu na karakana yake upande ule, na katikati palikuwa na ua ambao ungenifaa sana kuanikia nguo kama si sufuria yake. Sufuria hiyo lazima niieleze kwanza, isije ikadhaniwa kwamba kinyaa changu kilitoka hewani.

Gundi kaka aliipika mwenyewe. Alikwenda machinjioni akaokota vipande vya ngozi, kwato na mishipa, vitu ambavyo hata mbwa wa pale walikuwa wamevisusa, akaja kuvitia majini na kuvichemsha mpaka maji yakawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Povu la kijivu lilipanda, nywele zikazunguka juu yake, nzi wakaja ukoo mzima. Harufu ile iliingia kwenye unga, ikaingia kwenye nywele zangu, ikaingia kwenye vitambaa vya wateja. Mama mmoja alinirudishia gauni la binti yake akaniuliza kwa upole kama ninashonea juu ya mzoga. Nililifua lile gauni upya.

Ningevumilia kama ile ingekuwa gundi kweli. Marehemu baba yetu, huko juu Mbololo, naye alikuwa seremala na alipika kitu hichohicho. Lakini baba alikuwa na utaratibu. Sufuria ya gundi aliiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji, akaipasha moto bila kuiacha itokote, kwa sababu gundi ikitokota inakufa nguvu. Iliyochacha aliimwaga. Na kabla hajaunga kitu cha mtu, aliunga kwanza vipande viwili vya mbao ileile, akaviacha vilale nje juu ya nyasi zenye umande. Asubuhi aliviweka kwenye ukingo wa benchi, akavipiga nyundo vikaachana, akatuita watoto tuje tutazame.

Tulijua cha kutazama. Kama nyuzi za mti zimeng'oka, kipande hiki kimebaki na nyama ya kile, baba alisema, "Mti ndio umeshindwa. Gundi haijashindwa." Hapo kazi ilianza. Lakini kama vipande vimeachana safi, uso laini unang'aa, aliinuka. Alibeba sufuria mpaka shimo la taka akaimwaga yote, hata kama ameihangaikia siku nzima, na siku hiyo hakuna aliyemsogelea. Mimi niliposhika cherehani nilikuta ni mambo yaleyale. Mshono mzuri ukiuvuta kwa nguvu, kitambaa kinachanika kabla uzi haujaachia.

Kaka aliyaona yote haya, tena mimi nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Aliposhuka Voi aliyaacha mlimani kama kanzu ya kwaya. Alisema umande ni wa kule juu, Voi hata mate yanakauka kabla hayajafika chini. Na hapo, nakubali, alikuwa na haki kiasi. Jua lile la Voi lilikausha kila kitu. Aliunga kiti jioni, asubuhi kimekaza kama jiwe, mteja anakibeba kwenda zake nyumba ya bati ambamo unyevu haujawahi kuingia. Sufuria ikipungua aliongeza maji. Ikianza kuota ukungu aliukwangua kwa kijiti, akautupa pale pale uani kwangu, akachemsha tena. Ulimi wa mbao, ile ncha inayochomekwa kwenye kipande kingine, ukiwa mwembamba kuliko tundu lake, wala hakuhangaika kuchonga kabari. Alichanganya gundi na unga wa msumeno, akaziba pengo, akapiga msasa, akapaka vanishi. Kiti kilitoka pale kinametameta.

"Gundi yangu ina nguvu kushinda mti," aliwaambia wateja huku akijipiga kifua. Nilisikia maneno hayo kupitia dirisha karibu kila siku.

Basi mvua za masika zikaja, na mama akajikata mguu na jembe shambani. Kama kawaida yake alifunga majani, akaficha, akaendelea kulima. Habari zilipotufikia Voi nilipanda mlima siku hiyohiyo. Nilimkuta kitandani, mguu umevimba hadi goti, vidole viwili vimeanza kuwa vyeusi. Nilipofungua kile kitambaa ilinijia harufu ambayo sikuhitaji kuambiwa ni ya nini. Ilikuwa ndugu wa damu wa sufuria ya kaka. Mganga wa zahanati alikuwa ameshapita na neno lake lilikuwa moja, apelekwe hospitali Voi, tena msikawie, la sivyo kitaondoka kidole, halafu mguu, halafu mwenye mguu.

Shida ilikuwa njia. Kutoka nyumbani kwetu mpaka mahali magari yanapofika ni mteremko wa kijia chembamba, utelezi mtupu wakati wa mvua, na pana mahali kinapita juu ya korongo ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Wagonjwa waliteremshwa kwa kitanda kilichofungwa miti, wanaume wakipokezana mabegani. Mama alikataa katakata.

"Kwa kitanda nilimtoa baba yenu," alisema. "Mkinipitisha na kitanda watu watavua kofia, na mimi bado nawaona."

Nilimbembeleza, wapi. Alitaka kushuka ameketi kama mtu. "Mwambie kaka yako anitengenezee kiti cha kubebewa. Si mwanangu ni fundi?" Alisema hivyo huku macho yanang'aa, na sikujua kama ni fahari au ni homa. Nikateremka tena.

Nilimwambia kaka mambo yalivyo. Nilimwambia habari za vidole. Nikamwomba anigongee kiti cha haraka haraka, mbao za saipresi na misumari, hata kikiwa kibaya, nikipandishe kesho. Akanitazama kama nimemtukana. Mama yake, alisema, hatakalia kiti cha misumari kama cha kilabu cha pombe. Akaanza kupima, akaanza kupinda mikono ya kiti, na kwenye egemeo akaanza kuchonga ua. Ua. Mguu wa mama unaoza kule juu na mtu mzima ameinama anachonga petali, anapuliza vumbi, anarudi nyuma kulitazama. Kila jioni nilikwenda mlangoni pake kuuliza, na kila jioni lile ua lilikuwa limependeza zaidi. Mpaka leo sipendi kuona ua lililochongwa kwenye kiti.

Siku ya kuunga nilikuwepo. Ile gundi ilikuwa ya zamani, imechemshwa na kuongezwa maji mpaka imekuwa nyeusi na inanuka kama choo cha stesheni. Mvua ilikuwa bado ya mlimani tu, na upepo wa jioni ulikuwa unavuma na vumbi letu jekundu. Kaka alipaka gundi kwenye ndimi zote, akaziweka zimekaa tayari, na hapo akaingia mteja. Wakaanza kuzungumza habari za kabati. Wakaingia habari za mpira. Mimi nimesimama natazama gundi inashika ngozi juu kama uji uliopoa, na vumbi linatua juu yake taratibu. Mteja alipoondoka, kaka alichukua ndimi zile zile akazisukuma kwenye matundu, akafunga klampu, akafuta mikono.

"Imeshaganda hiyo," nikamwambia. "Ikwangue, uipashe moto, upake upya."

"Wewe kashone."

"Basi pigilia hata misumari ya mti, kila kiungo."

"Kiti cha mama hakitobolewi."

"Basi unga vipande viwili tuvivunje kesho, kama alivyokuwa akifanya baba."

Akacheka. Akasema baba alikufa na vipande vyake, na kama nataka kuvunja vitu nina sahani zangu. Niliingia chumbani kwangu nikafunga dirisha, na joto la Voi ni joto, lakini nililifunga.

Kiti kilipanda kwa pikapu hadi mwisho wa barabara, kisha kichwani mwa kijana mwenye nguvu, katika manyunyu. Sisi wawili nyuma yake. Kule juu ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba tangu wiki iliyopita na haukuwa na haraka ya kuondoka. Tulikiingiza ndani, mama akaketishwa, na kusema kweli alipendeza. Alishika ile mikono ya kiti, akaipapasa, akaegemea kwenye lile ua. Majirani wakaja kukitazama, akawaambia mmoja mmoja, "Mwaona mwanangu." Kaka alisimama kando amefunga mikono kifuani, ananyenyekea kwa namna ile ya mtu anayengoja sifa ziongezwe. Nyumba ilikuwa ndogo na wageni walikuwa wengi, kwa hiyo wakati wa kulala kiti kilitolewa nje, barazani.

Asubuhi wabebaji walifika, wanaume wa kanisani, wakafunga miti miwili chini ya kiti kwa kamba za katani. Miti ilikuwa mizima, kamba zilikuwa nzima. Mimi nikainama kando ya kiti kama nafunga kiatu, nikaweka ukucha kwenye kiungo cha mkono na egemeo, pale kaka alipoziba pengo. Ukucha ukazama. Ile gundi yake ya jiwe ilikuwa imekunywa ukungu usiku kucha na sasa ilikuwa laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Nilimvuta kaka pembeni nikamwonyesha ukucha wangu. Hata hakuutazama. "Unataka kuniaibisha mbele ya watu wa baba," alisema huku ameuma meno. Nikamwomba basi tupakie gunia la mahindi kwanza, libebwe kidogo uwanjani, tuone. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba mama si mahindi. Wabebaji wakatazama miguu yao. Na mama kutoka ndani akaita, "Niwekeni basi nishuke. Mnangoja nini?"

Nikafikiria korongo. Sikufikiria kingine. Nikazunguka mbele ya kile kiti nikakikalia mimi.

"Nibebeni mimi kwanza," nikasema. "Mpaka kwenye mgomba ule na kurudi."

Wanaume wakacheka, kwa maana mimi wakati huo nilikuwa na mwili, na mama alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Kaka akaniambia ondoka. Sikuondoka. Akaniambia tena, nikashika mikono ya kiti nikatazama mbele kama nimepanda basi. Mzee mmoja kati ya wabebaji, nadhani alitaka tu yaishe, akasema, "Haya, inueni."

Wakainua. Mahali pa tambarare tulikwenda vizuri, hata nikaanza kuona haya. Kisha tukafika uwanja unapoanza kuinama, wa mbele wakashuka, mgongo wangu ukaacha egemeo, uzito wote ukaja kwenye mikono ya kiti. Mti ukivunjika unalia, kila mtu anajua. Huu haukulia. Ulitoa sauti ndogo ya majimaji, kama mfuniko unaovutwa kwenye sufuria ya ugali, na mkono mmoja ukabaki mkononi mwangu. Egemeo likafuata pamoja na ua lake, kisha mguu, kisha mimi. Nilianguka kwa kiuno juu ya mawe.

Nilibaki nimekaa matopeni nimeshika ule mkono wa kiti, na macho yangu yakaenda yenyewe pale baba alipotufundisha kutazama. Ulimi ulikuwa umechomoka mzima. Laini. Unang'aa kama kijiko kilichorambwa. Hakukuwa na uzi hata mmoja wa mti ulioshikwa, na juu ya utando wa gundi lilikuwepo vumbi jekundu la Voi, limekaa pale pale lilipotua wakati wa mazungumzo ya mpira.

Kaka hakuuliza kama nimeumia. Alisema, "Umekaa vibaya." Kisha akawageukia wanaume akasema ni uzito, kiti kilipimwa kwa mama. Nilipomsikia anasema hivyo nilitema mate kando. Nimewahi kuona vichafu vingi maishani, nimeosha kidonda cha mama kwa mikono yangu hii, lakini sijaona kitu cha kutia kinyaa kama uso wa kaka yangu ukitafuta pa kuweka lawama.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa mlangoni. Sijui alifikaje. Ameshika mhimili, mguu mmoja hewani. Alitazama vile vipande, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Umekivunja," akaniambia.

Basi akashuka kwa kitanda. Wakati haukuwepo tena wa kubishana. Tulikifunga kwa miti ileile na kamba zilezile, tukamlaza, akafumba macho asituone. Na alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Kila tulipokutana na watu kwenye kile kijia walisogea kando, wanaume wakavua kofia, wanawake wakashika midomo. Hapo mama aliinuka kwa kiwiko na kupaza sauti.

"Hamjambo huko. Mimi bado. Naenda hospitali."

Wengine waliruka kwa woga. Aliwasalimu wote, kundi baada ya kundi, hata watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, mpaka sauti ikamkauka na akawa anapunga mkono tu. Kwenye korongo miguu ya wabebaji iliteleza, kitanda kikaenda upande, kamba zikalia, zikashika. Nilichungulia chini mara moja nikajuta. Kaka alikuwa nyuma yetu amebeba kikapu cha nguo za mama mpaka barabarani.

Hospitali walimkata vidole viwili, mguu ukapona. Daktari alisema angecheleweshwa kidogo tu zaidi habari ingekuwa nyingine. Mimi nilikuwa nafikiria lile ua.

Mama alirudi nyumbani akawa anatembea kwa fimbo, na kila mgeni aliyekuja kumpa pole alipewa hadithi. Mwanangu alinitengenezea kiti, kizuri, kina ua hapa nyuma, huyu binti yangu akakikalia akakivunja. Mgeni alinitazama makalio, akatingisha kichwa. Mimi namimina chai. Kaka akiwepo alitazama dari. Kazi zake mjini ziliendelea, na gundi yake iliendelea kuwa na nguvu kushinda mti.

Ule mkono wa kiti nilikuwa nimeuweka. Niliufunga kwenye kitambaa, nikautia kwenye mkoba wangu, nikangoja. Alasiri moja nilimkuta mama peke yake karibu na moto, mvua inanyesha, hakuna mgeni. Nikauweka mapajani mwake.

"Uguse, mama," nikamwambia. "Wewe ni mke wa seremala."

Alijua ninachomwonyesha. Vipande vya baba vilivunjwa nje ya jiko lake miaka yote, na vilivyovunjika vibaya yeye ndiye aliyevitia motoni kupikia. Akauchukua. Akapitisha kidole gumba kwenye ulimi polepole, kutoka shinani mpaka nchani. Akaugeuza, akapitisha upande wa pili. Kidole hakikukwama popote. Alikaa nao akiutazama moto, na mimi nikaingoja hukumu yangu.

Akautia motoni. Vanishi ikashika kwanza, ikawaka kwa mwali wa buluu. Kisha gundi ikaanza kutoka jasho, ikachemka, na ile harufu ikapanda, kwato na nywele na ngozi bichi, ikajaa jiko lote hadi paani. Mama alikuwa hajawahi kuinusa. Miaka yote ya Voi hakuwahi kukaa kwenye ule ua wetu, na gundi ya baba haikunuka hivyo. Alirudi nyuma, akaziba pua kwa leso, macho yakamtoka machozi.

"Ndiyo hii alitaka kunipitisha nayo korongoni?" akauliza kupitia ile leso.

"Ndiyo hii."

Hapo tukasikia hodi. Jirani aliingia akikung'uta mvua, akasimama mlangoni amekunja uso, akauliza tunachoma nini jamani.

Mama hakuondoa leso puani. "Ni kile kiti," alimwambia. "Nilikwambia, si huyu alikivunja?" Akachukua fimbo yake, akakisukuma kile kipande ndani zaidi ya moto, kisha akaniambia nifungue dirisha.